Kuandaa mfumo wa umwagiliaji kwa majira ya baridi: maana yake na sababu zake

Katika jimbo la Minnesota, Marekani, kanuni za ujenzi hutaka msingi wa nyumba ushuke inchi 42 chini ya ardhi sehemu za kusini, na inchi 60 kaskazini, ili udongo unaoganda usije ukaunyanyua. Mabomba ya kumwagilia bustani hufukiwa inchi 8 hadi 12 tu. Kwa hiyo kila mwaka yatakaa ndani ya udongo ulioganda, utake usitake. Kuandaa mfumo kwa majira ya baridi ni kuondoa maji kwenye mabomba, vali na vinyunyizio kabla ya wakati huo. Mabomba yenyewe yataganda, na hayana shida yakiganda yakiwa matupu.

Maji yakigeuka barafu, ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9. Aliyewahi kusahau chupa ya soda kwenye friza anajua matokeo yake. Ila ndani ya bomba kuna jambo la ziada ambalo wengi hawalijui. Barafu huanza sehemu moja, ikaziba njia, kisha ikaendelea kukua huku ikiyasukuma maji yaliyobaki kati yake na vali iliyofungwa. Maji hayashindiliki, basi shinikizo hupanda mpaka sehemu dhaifu ipasuke, na mara nyingi hiyo iko mbali na pale palipoganda. Ndiyo maana maji machache yaliyobaki yakiwa na nafasi ya kutanuka hayaleti madhara makubwa. Ya kuogopwa ni yale yaliyofungiwa pande zote.

Kazi huanzia ndani ya nyumba, kwa kufunga koki inayopeleka maji bustanini. Mifumo mingine ina vali za kumwaga maji sehemu ya chini kabisa. Ukizifungua, maji hujitokea yenyewe, mradi mabomba yamelazwa kwa mteremko. Lakini uwanja mwingi una mabonde madogo, na vinyunyizio vingi vina vali ndogo ndani zinazozuia maji kutoka. Hapo ndipo kompresa ya upepo inahitajika.

Kompresa ndiyo inayowaponza wengi. Kwa mabomba ya poliethilini, yaani plastiki laini inayopindika, shinikizo lisizidi psi 50 (psi ni pauni kwa kila inchi mraba). Kwa PVC, plastiki ngumu, psi 80. Kompresa ndogo ya kujaza upepo matairi hufika hapo bila taabu, ila haitoi upepo mwingi wa kutosha. Upepo mchache hupita juu ya maji na kuyaacha yametulia kwenye mabonde ya bomba. Mwenye nyumba anaona vinyunyizio vimetema maji kidogo, anadhani kazi imekwisha. Wengine huongeza shinikizo ili kufidia, na hilo ni kosa kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu huvunja viungo na vinyunyizio. Ni heri kukodi kompresa kubwa au kumwita fundi mwenye nayo.

Fungua kanda moja kwanza, yaani sehemu moja ya bustani yenye vali yake, ndipo uingize upepo polepole. Kinyunyizio kikianza kutoa ukungu mwembamba tu, simamisha. Kurudia mara mbili kwa muda mfupi ni bora kuliko kupuliza kwa muda mrefu, kwani gia za plastiki za vinyunyizio vinavyozunguka hupozwa na maji. Zikizunguka kavu hupata moto na kuharibika. Vaa miwani ya kazi, na usiinamie kinyunyizio wala vali wakati upepo unapita.

Kifaa kinachohitaji uangalifu kuliko vyote ni vali ya kuzuia maji ya bustani yasirudi kwenye maji ya kunywa. Nyingi huwekwa nje, ukutani, juu ya ardhi, kwa hiyo hupigwa na baridi kabla ya mabomba yaliyofukiwa. Usipulize upepo kupitia humo. Unganisha kompresa baada yake, upande wa bustani. Kisha itazame koki yake. Ndani kuna tufe lenye tundu katikati, na ukiifunga kabisa, maji hubaki ndani ya tundu hilo bila pa kwenda. Usiku mmoja wa baridi kali unatosha kuupasua mwili wa shaba. Baada ya kumwaga maji, iache koki imegeuzwa nusu, nyuzi 45, pamoja na zile koki ndogo za kupimia zilizo ubavuni. Kuizungushia blanketi huku maji yangali ndani ni kujidanganya, kwa sababu blanketi halina joto la kwake.

Minneapolis, jiji la Minnesota, baridi ya kugandisha huwa imeshaanza kuonekana Oktoba, kwa hiyo kazi hii ifanywe kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Kidhibiti cha saa nacho kizimwe, kisije kikafungua vali za mfumo mkavu Januari.

Hata asiye na mfumo wowote, mwenye mpira wa maji tu, ana kazi: aufungue kutoka kwenye bomba la nje. Mabomba mengi ya nje huko yameundwa ili maji yafungiwe ndani ya ukuta, mahali penye joto, na sehemu ya mbele ijikaushe. Mpira ukiachwa umeunganishwa, maji hukosa pa kutokea, bomba hupasuka ndani ya ukuta, na uvujaji hugundulika majira ya kuchipua, koki inapofunguliwa kwa mara ya kwanza.