Si kila ndago ni ndago

Wiki iliyopita nimelisikia tena, safari hii Mtama, mkoani Lindi. Mzee mmoja alikuwa na bomba mgongoni, anapulizia dawa ya majani ukingoni mwa dimbwi lililo nyuma ya mikorosho yake. Nikamwamkia, nikamuuliza anaua nini. "Ndago tu, mwanangu." Hilo "ndago tu" nimeshalisikia kwa wakulima, kwa mabwana shamba, hata kwa vijana wanaosomea kilimo. Limenichosha, maana linamaliza mimea ambayo haijamkosea mtu.

Ndago inayotesa mashamba yetu hasa ni spishi moja, Cyperus rotundus. Familia yake ina spishi zaidi ya 5,000 duniani, mafunjo yakiwemo. Pale ukingoni niliinama nikang'oa kishungi kisichofika urefu wa kiganja. Majani yake membamba kama uzi, na mdomoni mwa ala, yaani pale jani linapolikumbatia shina, kuna nywele ndefu nyeupe: hiyo ni Bulbostylis, jamaa wa ndago asiye na viazi. Mizizi ni nyuzi tupu. Kisha nikaenda hatua chache shambani nikachimba ndago yenyewe, vikatoka viazi vyeusi vilivyofuatana kwenye kamba ngumu kama shanga. Ukikikata kimoja kinanukia. Nikamwekea mzee vyote viwili mkononi. Akavigeuzageuza, akasema tangu aanze kulima hajawahi kuvitazama pamoja.

Sasa tazama dawa inavyofanya kazi. Majani ya ndago yanakauka, lakini viazi vilivyolala chini vinabaki, na mvua zikirudi vinachipua. Kile kimmea cha msimu mmoja hakina akiba ya namna hiyo. Uhai wake wote uko kwenye punje zinazodondoka udongoni. Ukikipulizia Februari, kabla punje hazijakomaa, umekifutia mbegu za mwaka mzima. Rudia mwaka hadi mwaka, na akiba iliyomo ardhini inakwisha. Nafasi iliyobaki wazi anaichukua nani? Ndago ileile. Mkulima ametoa fedha yake kumpanulia adui uwanja. Kwa hiyo nawaomba kila mara: chimbeni kwanza. Ukingoni mwa dimbwi, usipoona kiazi, weka bomba chini. Kwenye majaruba ya mpunga ya Kitere, Mtwara, ni habari nyingine. Huko ndugu wengine wa ndago, Cyperus difformis na Cyperus iria, hazina viazi na bado ni magugu kwelikweli, zipalilieni. Mimi nazungumzia ukingo ambao hakuna aliyepanda kitu.

Wengine huniambia vimmea hivi ni nyasi. Si nyasi. Sokota shina kwa vidole viwili: kwa nyingi utahisi pembe tatu, ndani limejaa, halina vifundo.

Wapo wanaosema majina yanabadilishwa kila siku, basi hata wataalamu hawaelewi. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba Kyllinga na Pycreus, makundi mawili ya jamaa za ndago, ziko ndani ya ukoo wa Cyperus, zikahamishiwa huko. Mmea haujabadilika hata unywele. Ukitafuta kumbukumbu zake, tafuta kwa majina yote mawili.

"Mbona ziko tele hapa?" Tele kwenye dimbwi moja si usalama. Vigezo vya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, vinatazama pia eneo: spishi iliyokalia chini ya kilomita za mraba 10, na ikawa na dalili nyingine kama kuendelea kupungua, inaweza kuingizwa kwenye daraja la juu kabisa la hatari hata kama mahali ilipo imejaa kama zulia. Tipa chache za kifusi zinatosha kufukia dimbwi zima. Zile mita 60 za ukingo zinazolindwa na sheria ya mazingira ya 2004 watu wanazijua kwa mto na bahari; dimbwi la msimu hakuna anayelipimia.

Na hili la kwamba Wajerumani walishaorodhesha kila kitu. Schlieben, Mjerumani mkusanyaji wa mimea, alikusanya sana Lindi miaka ya 1930, Ziwa Lutamba likiwemo, na namheshimu kwa hilo. Lakini hebaria ya Berlin, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iliungua kwa mabomu mwaka 1943, na sampuli nyingi zikateketea. Tunategemea nakala zilizokuwa zimepelekwa kwingine. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki kilianza kutoka 1952 kikakamilika 2012, na bado kuna madimbwi kati ya hapa na uwanda wa juu wa Rondo ambayo sijaona sampuli yake hata moja.

Miti nayo msiipande ukingoni. Vimmea hivi vinataka jua.

Mkitaka nivitambue, msinitumie picha ya majani. Ngojeni Aprili au Mei, punje ziwe zimeanza kugeuka kahawia, mng'oe na mizizi yake, mkilaze ndani ya gazeti kavu na kuweka tofali juu. Andikeni kijiji, tarehe, na kama mguu ulizama kwenye tope au mchanga. Punje zenyewe mara nyingi hazifiki milimita moja. Hizo niachieni mimi na lenzi.