Katheta inayoongozwa kwa sumaku ni nini?

Mume wa jirani yetu hapa Igombe, Mwanza, alipata kiharusi mwaka jana, na upande wake wa kulia bado haujarudi sawasawa. Tangu hapo mkewe akisikia jambo lolote linalohusu mishipa ya kichwa huja kuniuliza, kwa kuwa nafundisha fizikia. Juzi alitua beseni lake la dagaa pale mlangoni akasema, “Mwalimu, ni kweli kuna waya unaoingizwa kwenye mshipa, halafu sumaku ya nje inauvuta mpaka kwenye ubongo?”

Nikamwambia, mama, waya upo, na sumaku ipo. Ila hapo kwenye “inauvuta” ndipo wengi tunapokosea. Sumaku haiuvuti. Inaugeuza kichwa.

Kwanza neno lenyewe. Wodini ukitaja katheta, watu hufikiria mpira wa mkojo. Nao ni katheta kweli, maana katheta ni mrija wowote mwembamba unaoingizwa mwilini. Nyingine ni nyembamba zaidi, za kupita ndani ya mishipa ya damu. Daktari hutoboa mshipa kwenye kinena au karibu na kifundo cha mkono, anatanguliza waya laini, kisha mrija unapita juu ya waya huo. Huku akitazama picha za eksirei kwenye skrini, anausukuma mpaka kwenye moyo au kichwani. Kama kuna donge la damu lililoziba mshipa wa ubongo, hulinasa au kulinyonya na kulitoa kwa njia ileile.

Taabu iko kwenye kona. Aliyewahi kupanda kwenye nyumba za mlimani kule Igogo au Mabatini anajua kichochoro kinavyozunguka jiwe, kikapanda, kikagawanyika mara mbili, kikarudi nyuma. Mishipa ya ubongo imekaa hivyo, tena kuta zake ni laini. Daktari ameshika mkia wa waya kwenye kinena, na ncha anayotaka igeuke iko mbali naye, karibu mita nzima au zaidi. Ncha hiyo imepindwa kidogo, kwa hiyo ili iingie kushoto ni lazima auzungushe mkia kwa vidole na kungoja mzunguko ufike mbele. Njiani waya unasugua kuta za mshipa, mzunguko unapotea, kisha ncha inachomoka ghafla na kwenda isikotakiwa. Anarudisha, anajaribu tena. Wakati huo kwa mgonjwa ambaye mshipa wake mkubwa wa ubongo umeziba, kwa makadirio ya wataalamu, seli za neva kama milioni 1.9 zinakufa kila dakika. Ninaposoma takwimu hiyo huwa namkumbuka mume wa jirani, alivyokaa kitandani akisubiri kupambazuke.

Basi nikaingia ndani nikatoa sindano ya kushonea na sumaku niliyoibandua kwenye spika mbovu ya redio. Niliisugua sindano juu ya sumaku kuelekea upande mmoja tu, mara thelathini hivi, nikaifunga uzi katikati ikaning’inia. Nikaileta sumaku taratibu, nikasimama ilipobaki kama shubiri moja. Sindano ikageuka. Uzi ulibaki umenyooka, sindano haikusogea kuja kwangu, lakini kila nilipozungusha mkono ncha ilinifuata. Nikamwomba mama aweke kiganja chake katikati. Ikaendelea kufuata vilevile, kana kwamba nyama na mifupa havipo. Niliposogeza sumaku mpaka upana wa vidole viwili ndipo sindano iliporuka na kunasa.

Mambo mawili tofauti yalitokea pale, na dhana nzima imesimama juu ya tofauti yao. Kugeuza kunahitaji uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafika, uwepo tu. Kuvuta kunahitaji uga huo uwe mkali upande mmoja kuliko mwingine ndani ya nafasi ndogo, na jambo hilo hufifia haraka mno. Kwa sumaku iliyo mbali ukilinganisha na ukubwa wake, umbali ukizidi mara mbili ukali wa uga unashuka hadi moja ya nane, na nguvu ya kuvuta hadi moja ya kumi na sita. Ndiyo maana dira ya boti huonyesha kaskazini safari nzima bila kuivuta boti kwenda huko.

Kwa hiyo katheta inayoongozwa kwa sumaku ni mrija au waya wenye sumaku ndogo kwenye ncha, au chembe za sumaku zilizochanganywa ndani ya ncha hiyo, ili uga unaotoka nje ya mwili uigeuzie mwelekeo. Msukumo wa kwenda mbele unatoka nyuma, kwa mkono au kwa mota. Sumaku ni usukani, si injini.

Kwenye moyo jambo hili si geni. Kampuni ya Stereotaxis ya Marekani ilitengeneza mfumo uitwao Niobe, wenye sumaku mbili kubwa, moja kila upande wa kitanda. Uga wake ni kama tesla 0.08 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga), wakati mashine nyingi za MRI, zile za kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, zina tesla 1.5. Daktari hukaa chumba cha pembeni, mbali na mionzi ya eksirei, akiielekeza katheta kuchoma kijisehemu cha moyo kinachovuruga mapigo.

Kichwani njia ni nyembamba zaidi, na hapo kazi iliyonivutia ni ya mwaka 2019, ya Yoonho Kim, Xuanhe Zhao na wenzao wa chuo cha MIT. Kiini cha waya wao ni nitinoli, aloi ya nikeli na titani inayopinda na kurudi kwenye umbo lake. Juu yake walipaka mpira uliochanganywa na chembe za sumaku, kisha utando unaoteleza ukilowa, kama ngozi ya kambale. Waliupitisha ndani ya mfano wa silikoni wa mishipa ya ubongo yenye ukubwa wa kweli. Mwaka 2022 kundi hilo lilionyesha sumaku iliyofungwa kwenye mkono wa roboti, anayeiendesha akitumia kishikio kama cha mchezo wa video. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walionyesha mrija wa sumaku wa milimita 2 kwa ajili ya vijia vya ndani ya mapafu, ambako kifaa cha kawaida cha milimita 3.5 hadi 4 hakifiki.

Kipo pia kidonge chenye kamera ambacho mgonjwa hukimeza, na sumaku ya nje hukigeuza na kukiburura ndani ya tumbo lililojazwa maji. Hapo kuvuta kunatumika kweli, kwa sababu nafasi ni pana na kidonge hakina mkia wa kusukumia.

Mama akauliza kama damu, kwa kuwa ina madini ya chuma, haitavutwa. Hapana. Chuma kilichomo kwenye damu kimefungwa ndani ya protini na hakitendi kama msumari. Kwa sababu hiyohiyo nawasihi ndugu zangu wasitoe pesa kununua bangili za sumaku za “kusafisha mishipa”. Sumaku ninayoieleza hapa haiponyi chochote, inageuza ncha ya kifaa tu, na mgonjwa mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo lazima achunguzwe kwanza kabla ya kusogezwa karibu nayo.

Kilichomgusa zaidi ni ule mkono wa roboti. Ana dada yake kisiwani Ukerewe, mjini Nansio. “Kwa hiyo daktari anaweza kukaa hospitali ya Bugando hapa Mwanza, mgonjwa akawa Nansio?” Kwa upande wa usukani, ndiyo, wazo ni hilo hasa. Lakini Nansio itabidi awepo mtu wa kutoboa mshipa na kuingiza waya, iwepo eksirei ya kuonyesha ncha ilipo, uwepo umeme usiokatika na mawasiliano yasiyochelewa, maana sumaku haioni. Na kabla ya yote hayo mgonjwa apigwe picha ya CT ya kichwa, yaani eksirei inayoonyesha ndani tabaka kwa tabaka, ijulikane mshipa umeziba au umepasuka.

Alisikiliza, kisha akaomba ile sindano na uzi wake aende akamwonyeshe mumewe.