Mwenye Bitcoin akifa, sarafu haziendi popote
Bitcoin, sarafu ya kidijitali, ilianza mwaka 2009. Baadhi ya watu husema mwenye sarafu hizo akifa, nazo hufutika. Sivyo. Hubaki zimeandikwa kwenye daftari la mtandao vilevile. Kinachoweza kupotea ni ufunguo wa siri, ambao mara nyingi hutunzwa kama maneno 12 au 24. Asiyekuwa nao hawezi kuzihamisha, hata awe na hukumu ya mahakama mkononi. Zikiwa kwenye akaunti ya kampuni ya kubadilishia sarafu, afadhali: kwa kawaida warithi hudai kwa cheti cha kifo na hati ya usimamizi wa mirathi.

Mfiwa akikuuliza, mpe pole kwanza. Usimwambie “zimepotea” kabla karatasi na vifaa vya marehemu havijapekuliwa, na umtahadharishe na matapeli wanaodai malipo ili wazirejeshe.