Njia ya risasi ni nini?

Mtu akipigwa risasi, ndugu walioketi kwenye benchi nje ya tiata huuliza swali moja: "Wameshaitoa?" Iringa, Mbeya, hata kule Makete, risasi huchukuliwa kama mwiba: ukiung'oa, kazi imekwisha. Daktari anawaza kingine. Anachokitafuta ni njia ya risasi, yaani mahali pote ilipopita mwilini tangu ilipoingia hadi ilipotokea au kukwama, pamoja na kila ilichokichana au kukitikisa njiani.

Tundu la ngozini linaweza kuwa dogo kama punje ya hindi, na chini yake utumbo umetoboka mara nne. Risasi haipiti kama sindano. Huisukuma nyama kandokando kwa kufumba na kufumbua, kisha nyama hurudi. Misuli na mapafu hunyumbuka, huvumilia kiasi. Ini na ubongo hupasuka. Na kasi ina kauli kuliko uzito: mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nne. Risasi ya bastola hutoka kwa mita 300 hadi 400 hivi kwa sekunde, ya bunduki ya kivita hupita 700.

Halafu kuna gobore, silaha inayojulikana na wanaoishi karibu na mapori ya wanyama. Hushindiliwa baruti mdomoni, kisha tambara, kisha goroli au vipande vya nondo. Kasi yake ni ndogo, kwa hiyo mara nyingi hakuna tundu la kutokea. Lakini kila kipande huchimba njia yake, na huingia na tambara, masizi na nyuzi za shati. Wapo wanaoamini kwamba moto wa baruti huua vijidudu. Hauui. Ndiyo maana majeruhi huchomwa chanjo ya pepopunda na kupewa antibayotiki, na jeraha chafu namna hiyo halishonwi siku hiyohiyo. Nyama iliyokufa hukatwa, jeraha huoshwa kwa maji mengi ya dripu na kuachwa wazi chini ya bandeji, kisha hushonwa baada ya siku 4 au 5 likiwa safi. Hapo ndugu hulalamika kwamba mgonjwa wao katelekezwa. Kumbe kulishona mapema ni kuufungia usaha ndani.

Njia yenyewe haisomwi kwanza. Kwanza ni damu inayomwagika, pumzi, mapigo. Mtu mzima ana damu kama lita 5, na mwili wa kijana ni hodari wa kuficha upungufu: presha inaweza kusoma vizuri mpaka apoteze karibu lita moja na nusu, ilhali mapigo yalishaanza kwenda mbio na viganja vimepoa. Mimi ningeuamini ule mkono wa baridi kabla ya mashine.

Kisha majeruhi huvuliwa nguo zote na kugeuzwa, atazamwe kwapani, mgongoni, msambani, hata katikati ya nywele. Matundu huhesabiwa. Ukijumlisha matundu na risasi zinazoonekana kwenye eksirei, upate namba shufwa. Ukipata witiri, kuna kitu hujakiona, ingawa risasi iliyovunjika vipande huivuruga hesabu hiyo. Kabla ya picha, kila tundu hubandikwa kibanio cha karatasi juu yake, ili kwenye picha ionekane mlango uko wapi na chuma kimelala wapi. Daktari makini haandiki haraka "la kuingilia" au "la kutokea". Tundu dogo si lazima liwe la kuingilia, na maandishi yake yataishia kwenye PF3, ile fomu ya polisi, na pengine mahakamani. Huandika mahali na ukubwa, basi. Fomu yenyewe isimcheleweshe anayevuja damu; inaweza kufuata nyuma.

Tundu la chini ya chuchu huhesabiwa kuwa la kifua na la tumbo pia, kwa sababu kiwambo kinachotenga sehemu hizo mbili hupanda mtu anapotoa pumzi. Wengi wa kifua hupona kwa mpira wa kutoa hewa na damu, bila kupasuliwa. Wa tumbo, presha ikishuka au tumbo likikakamaa, anaingia tiata.

Safari ya kwenda hospitali nayo ni sehemu ya matibabu. Bonyeza panapovuja kwa kanga safi, kwa nguvu, bila kufunuafunua kuangalia. Mkono au mguu usipokoma kuvuja, funga mkanda mpana kati ya jeraha na kiwiliwili, si juu ya jeraha lenyewe, kaza mpaka damu ikome, andika saa. Usitie mkaa wala dawa ya meno, usichokonoe. Na mfunike! Usiku wa Julai, nyuma ya pikapu kutoka Makete au Njombe, baridi ile si mzaha: mwili ukipoa, damu hukataa kuganda. Ipo dawa ya kuisaidia igande, tranexamiki, ila inatakiwa itolewe ndani ya saa 3 tangu kuumia, na safari zetu huzila saa hizo upesi.

Kuhusu lile swali la kwenye benchi, jibu mara nyingi ni "hapana, imebaki." Risasi iliyotulia ndani ya msuli hujizungushia kovu, na kuifukua kunaweza kuharibu zaidi kuliko ilivyoharibu yenyewe. Hutolewa ikiwa ndani ya kiungo kama goti, ambako ute wake huyeyusha risasi taratibu na sumu yake ikaingia mwilini, au ikibana mshipa wa fahamu. Aliyebaki na goroli mwilini aseme kila anapotakiwa kupimwa MRI, hata miaka 20 baadaye, kwa sababu goroli ni chuma na kile kipimo ni sumaku.