Kengele ya Novgorod: tarihi inaponyamaza, riwaya husema

Ukifungua tarihi za kale za Warusi, kinachotangulia ni mwaka. "Katika mwaka wa 6979", kwa kuwa walihesabu tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Kwetu huo ni 1471. Kisha vita, njaa, kifo cha askofu. Wakati mwingine ni mistari miwili tu, tayari umeshaingia mwaka mwingine. Nani alilia usiku ule, hayamo. Mwandishi wa riwaya hupenya hapo.

Chukua habari za Marfa Boretskaya. Novgorod ulikuwa mji wa biashara wenye baraza la wananchi, veche, lililoitishwa kwa kengele. Marfa, mjane wa mmoja wa wakuu wa mji, alikuwa kinara wa waliokataa kumezwa na Moscow, wakataka ulinzi wa mfalme Kazimierz wa Poland na Lithuania. Julai 1471 jeshi la Novgorod lilivunjwa kando ya mto Shelon. Dmitry, mwanawe Marfa, alikamatwa akakatwa kichwa kwa amri ya Ivan wa Tatu, mtawala wa Moscow. Mwaka 1478 mji ukasalimu amri, na Marfa akachukuliwa mateka.

Waandishi wa upande wa Moscow hawakumwonea huruma mama huyu. Walimfananisha na Yezebeli, wakamfananisha na Herodia, wanawake waovu wa Biblia. Hiyo ni hukumu iliyovikwa joho la habari, na ndiyo maana nawasihi wasomaji: tarihi ina mwenyewe. Kabla ya kuamini inachosema, uliza aliyeishika kalamu alikuwa akila kwa nani.

Mwaka 1803 mwandishi Mrusi Nikolai Karamzin alimtungia Marfa hadithi. Alisingizia kwamba ameangukiwa na mswada wa kale, na kwa hila hiyo akapata ruhusa ya kumpa sauti: anahutubia umma, anasimama mbele ya mnyongaji katika uwanja wa mji wake, anakufa raia wa Novgorod. Tarihi inamtoa mjini akiwa hai. Karamzin alilijua hilo vyema. Mwaka huohuo aliteuliwa kuwa mwanahistoria rasmi wa dola, na alipoandika historia yenyewe alimwacha Marfa apelekwe mateka.

Dmitry Balashov, aliyetoa riwaya yake juu ya Marfa mwaka 1972, alishika njia nyingine, nami naipenda zaidi. Alikuwa mtafiti wa nyimbo na simulizi za Warusi wa kaskazini. Mtu wa namna hiyo anajua bibi harusi aliimbiwa nini, na kwa elimu hiyo anaweza kujaza pengo bila kuhamisha kifo cha mtu.

Kengele ya veche nayo ilishushwa, ikapelekwa Moscow. Tarihi ya Moscow inasema ilipandishwa mnarani uwanjani, ilie pamoja na kengele nyingine. Basi, habari imeishia hapo. Miaka iliyofuata watu wengi wa Novgorod walihamishwa kwa nguvu kwenda ardhi za Moscow, na bila shaka wapo walioijua sauti yake.