Kusuka upya tovuti ya kampuni: yasemwayo afisini na yalivyo

Tovuti nyingi za kampuni hapa Mombasa zilijengwa mara moja zikaachwa. Hoteli ya Nyali bado inaonyesha bei za msimu uliokwisha, wakala wa kliaringi kule Kilindini ana fomu ya maulizo inayotuma barua pepe kwa mfanyakazi aliyeacha kazi zamani, na duka la spea limebandika namba ya simu ya mezani isiyopokewa na mtu. Siku wakubwa wanapoamua kuisuka upya, maneno yale yale huzunguka mezani. Mengi yana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza.

Dhana: Tuitupe ya zamani yote, tujenge mpya kimyakimya, tuizindue siku moja.

Ukibadilisha sura, maneno, anwani za kurasa na seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) kwa siku moja, halafu wiki ya pili maulizo yakapungua nusu, huna namna ya kujua kilichoharibika ni kipi. Tovuti kongwe, hata ikiwa haipendezi machoni, ina kurasa ambazo Google inazijua na ambazo wateja wamezihifadhi kwenye simu. Njia salama ni kuanza na ukurasa unaoleta kazi. Kwa wakala wa kliaringi, aghalabu ni ule wa kutoa magari bandarini pamoja na fomu ya kuomba bei. Hesabu maulizo yake kwa wiki nne kabla hujagusa chochote, yakiwemo ya simu na WhatsApp. Kisha ubadilishe huo peke yake, uuweke hewani, upime tena.

Wapo wasiokuwa na budi kuhama kwa mkupuo. Tovuti inayotumia PHP 7.4, toleo la lugha ya programu inayoendesha tovuti nyingi ambalo watengenezaji wake waliacha kulirekebisha kiusalama mwishoni mwa Novemba 2022, haifai kupakwa rangi juu juu. Hata hapo, igawe kazi mara mbili: hamia kwanza kwenye toleo jipya sura ikiwa ile ile, hakikisha kila kitu kinafanya kazi, ndipo uguse sura.

Na msimu una neno lake. Hoteli na kampuni za safari zibadilishe kurasa za kuweka nafasi wakati wa masika, Aprili mpaka Juni, wageni wakiwa wachache. Anayebadilisha mfumo huo katikati ya Desemba anatafuta balaa.

Dhana: Ajaili maana yake hakuna mpango, hakuna tarehe, hakuna maandishi.

Ajaili (agile) ni namna ya kujenga programu kwa vipande vifupi, kila kimoja kikikamilishwa na kuonyeshwa. Tamko lake liliandikwa mwaka 2001 na watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, nchini Marekani. Linakiri waziwazi kwamba mipango na nyaraka zina thamani. Linachofanya ni kutanguliza programu inayofanya kazi na wepesi wa kubadilika. Skramu (Scrum), njia ya ajaili inayojulikana zaidi, ina ratiba kali kuliko ile ambayo kampuni nyingi zimeizoea: sprinti, yaani kipindi kimoja cha kazi, haipiti mwezi mmoja, kikao cha kila siku hakipiti dakika 15, na mwisho wa sprinti timu huonyesha ilichokamilisha kisha ikajadili namna ya kufanya kazi vizuri zaidi.

Kwa timu ya watu wanne au watano, sprinti ya wiki mbili inatosha. Kinachowagombanisha wengi ni neno "imekamilika". Msanidi, yaani anayeandika programu ya tovuti, akilitamka, aghalabu ana maana kwamba ukurasa unaonekana sawa kwenye kompyuta yake. Basi andikeni mapema, kabla ya sprinti ya kwanza, nini kinafanya kazi ihesabiwe imekwisha: ukurasa umefunguliwa kwenye simu ya Android ya bei nafuu, fomu imejazwa na ujumbe umeonekana kwenye barua pepe ya anayehusika, maneno yamesomwa na mtu ambaye hakuyaandika, anwani ya zamani imeelekezwa kwenye mpya. Kisichotimiza hayo hakionyeshwi, kinarudi kwenye orodha ya kazi zinazosubiri. Asilimia 90 haihesabiwi.

Mkataba nao uende na mwendo huo. Bei moja kwa "tovuti nzima" huleta ugomvi kila mteja anapoomba kitu kipya. Afadhali kiasi kimoja kwa kila sprinti, idadi ya sprinti iliyokadiriwa, na haki ya kusimama mwisho wa sprinti yoyote. Pesa na tarehe hazitikisiki. Kinachokatwa ni vya chini ya orodha.

Dhana: Kila idara iwe na nafasi yake kwenye ukurasa wa mwanzo.

Kila idara isikilizwe, mwamuzi awe mmoja. Mwongozo wa skramu unasema hivyo hivyo: mwenye bidhaa, anayeamua kipi kitangulie, ni mtu mmoja, si kamati. Kamati huzaa zile picha tano zinazojizungusha juu ya ukurasa, kila idara na yake, na mgeni hangoji hata ya pili. Kazi hiyo mpeni anayepokea simu za wateja kutwa, na mkurugenzi akubali kutoupindua uamuzi wake kwenye WhatsApp saa nne usiku.

Dhana: Maneno na picha zitakuja baadaye.

Hapa ndipo miradi mingi hukwama, msanidi akiwa amemaliza na anangoja. Maneno yaandikwe kabla ya mchoro. Mbunifu akichora kwa maandishi ya kujazia, kitufe kitakuwa kidogo; siku ya kuweka "Omba makadirio ya bei" au tafsiri ya Kijerumani ya hoteli, neno linakatika katikati na menyu inashuka mstari wa pili. Kazi ya ukurasa isiingie kwenye sprinti kabla maneno yake hayajawa tayari. Kanuni hii moja huokoa muda kuliko programu yoyote ya kupangia kazi.

Dhana: Nyaya za baharini zinatua hapa hapa Mombasa, kasi si shida.

Ni kweli zinatua: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata. Lakini waya haupunguzi uzito wa picha. Picha ya kamera ya megapikseli 24 ina upana wa pikseli 6,000 hivi na yaweza kuwa na MB 8. Abiria wa matatu ya Likoni anayetumia bando hataingoja, na kioo cha simu yake hakihitaji hata robo ya pikseli hizo. Ipunguze mpaka upana wa pikseli 1,600 au chini, igeuze kuwa WebP, aina nyepesi ya faili la picha, na nyingi zitashuka chini ya KB 300 bila macho kuona tofauti.

Google inapima mambo matatu, na kipimo ni kwamba angalau asilimia 75 ya ziara zifikie kiwango: kitu kikubwa zaidi kwenye kioo kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na alama ya kurukaruka kwa vitu isizidi 0.1. Kurukaruka hutokea picha isipoandikiwa upana na urefu wake kwenye msimbo wa ukurasa: maandishi yanatangulia, picha inafika, kila kitu kinasukumwa chini, na mteja aliyetaka kubonyeza "Lipa" anabonyeza tangazo. Kosa jingine ni kuweka picha ya kwanza ya ukurasa kwenye utaratibu wa kupakiwa kwa kuchelewa, yaani mpaka mgeni aikaribie. Utaratibu huo ni wa picha za chini.

Dhana: Anwani za kurasa zikibadilika, Google itajipanga yenyewe.

Haijipangi. Kabla ya kubadilisha, toa orodha ya anwani zote za zamani kutoka sehemu tatu: ramani ya tovuti (faili lenye orodha ya kurasa), Search Console (zana ya Google kwa wenye tovuti), na kumbukumbu za seva. Ziweke kwenye jedwali la Excel, safu ya kwanza anwani ya zamani, ya pili mpya, ya tatu jina la aliyeijaribu. Kila moja ielekezwe kwa 301, alama ya seva inayosema ukurasa umehama moja kwa moja, kwenye ukurasa unaolingana nayo. Usizirushe zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Google huweza kuzihesabu kama kurasa zisizopatikana. Usifanye mnyororo pia, ya zamani kwenda ya kati kisha ya kati kwenda mpya. Na uelekezaji huo ukae angalau mwaka mmoja, kama Google yenyewe inavyoshauri.

Kosa linalorudi kila mara ni hili: tovuti ya majaribio hufungiwa Google kwa "noindex" au kwa mstari wa "Disallow: /" ndani ya robots.txt, faili la maagizo kwa injini za utafutaji, ikazinduliwa na kufuli lile lile. Kwa macho kila kitu ni sawa. Wiki kadhaa baadaye kampuni haionekani tena kwenye utafutaji.

Dhana: Kuhamisha tovuti hakugusi barua pepe wala M-Pesa.

Kunagusa vyote viwili. Msanidi akihamisha kikoa (jina la tovuti) kwenye seva za majina, zinazotunza rekodi za kikoa, za kampuni mpya ya kuhifadhi tovuti, rekodi za MX zinazoelekeza barua pepe hazifuati zenyewe. Tovuti inafunguka, watu wanapongezana, na barua za meneja hazifiki. Nakili rekodi zote kwanza, MX na zile za TXT zenye SPF na DKIM, zinazothibitisha kuwa barua zimetoka kwenu. Ikiwezekana, badilisha rekodi ya A, inayoonyesha seva ya tovuti, peke yake. Siku mbili kabla, shusha TTL, muda ambao rekodi hukumbukwa, mpaka sekunde 300 ili kurudi nyuma kuwe kwa dakika badala ya saa nyingi.

M-Pesa ina mtego wake. Mteja akishaweka PIN, seva ya Safaricom hutuma jibu la malipo kwa POST, ombi linalobeba taarifa ndani yake, kwenye anwani ya kupokelea majibu ambayo mfumo wako uliitaja. Tovuti mpya ikiwa imeondoa "www" au imebadilisha njia ya anwani hiyo, jibu linakutana na 301. Hapo 301 si dawa: seva inayotuma huenda isifuate kabisa, au ikafuata kwa kugeuza POST kuwa GET, ombi la kufungua ukurasa tu, na taarifa zikapotea njiani. Pesa inaingia kwenye tili, oda inabaki "inasubiri", mteja anapiga simu akiwa na ujumbe wa uthibitisho mkononi. Acha anwani ya zamani ya majibu iwe hai bila kuelekezwa popote, na dakika chache baada ya kuhama lipa shilingi 1 ya kweli mpaka uone oda imegeuka kuwa "imelipwa".

Dhana: Ikishazinduliwa, fundi achukue chake aende.

Kwa wiki mbili za kwanza mtu atazame kila siku kurasa zinazoleta 404 (ukurasa haupatikani) na fomu zilizokwama, na sprinti inayofuata iachiwe nafasi ya kuzirekebisha. Kisha waiteni watu watano wasiojua tovuti, mmoja mmoja, mpeni kila mmoja simu na kazi moja, mathalan kutafuta gharama ya kutoa gari bandarini, nanyi mkae kimya. Mgeni njoo mwenyeji apone: mahali wanapokwama wawili au watatu panakuwa juu ya orodha.

Fomu zikaguliwe kwa jicho la Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Fomu ya kuomba bei haina haja ya namba ya kitambulisho, na data za watu zikivuja pakiwa na hatari ya kweli kwao, kampuni ina saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data.

Kabla ya malipo ya mwisho, hakikisheni kikoa cha .co.ke kimesajiliwa kwa jina la kampuni na barua pepe ya kampuni, si ya fundi. Nywila za seva, Search Console na akaunti ya Daraja (mfumo wa Safaricom wa kuunganisha M-Pesa na tovuti) ziwe mikononi mwa watu wawili wa afisini. Nakala rudufu nayo irudishwe mara moja kwenye seva ya majaribio, ionekane kama inafunguka.