Soto kahamia Queens: Yankees walifanya nini na pesa iliyobaki?

Jumapili usiku, tarehe 8 Desemba 2024, nilikuwa napasha moto wali wa jana wakati simu ilipoanza kutetemeka juu ya meza, na haikunyamaza mpaka wali ukaungua. Juan Soto, nyota wa besiboli wa Yankees, kakubali kwenda Mets. Miaka 15, dola milioni 765. Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mzee wa Kidominika, na mwaka mzima alikuwa akivaa jezi ya Yankees namba 22, ile ya Soto. Nilimsikia akipiga kelele, halafu kimya. Asubuhi tulipokutana kwenye ngazi hakunisalimia hata. "Sasa hii jezi niifanyeje?"

Mimi mchana nakokotoa mishahara ya watu, ndiyo kazi inayonilisha, na usiku nafuatilia besiboli. Ndiyo maana msimu wangu mtamu ni wa baridi, ambapo hakuna mechi, ila kuna mikataba. Tangu usiku ule wasomaji wameniuliza swali moja kwa namna nyingi: Yankees walizidiwa milioni tano tu, kwa nini wasiongeze? Wengine wanalitazama kama usajili wa Simba na Yanga, mmoja kamnyang'anya mwenzake mshambuliaji, basi kashinda. Hesabu ya besiboli haikai hivyo.

Tuanze na mazingira. Timu zote mbili ni za New York. Ukipanda treni namba 7 unashuka Queens kwa Mets, ukipanda namba 4 unashuka Bronx kwa Yankees. Lakini ziko kwenye matawi tofauti ya Ligi Kuu, kwa hiyo mwaka 2025 zilipangiwa kukutana mara 6 tu kati ya mechi 162. Ugomvi wao mwingi unapiganwa Desemba, kwenye karatasi. Na hakuna dirisha la usajili kama la mpira wa miguu. World Series, yaani fainali ya ubingwa, ikiisha, wachezaji ambao mikataba yao imekwisha wanakuwa huru, na baada ya siku chache yeyote anaweza kusaini popote. Wapo wanaosaini Novemba, wapo wanaongoja hadi Februari wenzao wako tayari mazoezini. Kwa kawaida siku hizi klabu haiuzi mchezaji kwa pesa kama tulivyozoea, inambadilisha na wachezaji wengine, na mara nyingi mwenyewe haulizwi. Anapigiwa simu, anafungasha.

Sasa Soto. Mwaka 2022 aliikatalia Washington Nationals milioni 440, na wengi tulimwona amechanganyikiwa. Wakampeleka San Diego Padres, na Padres mwishoni mwa 2023 wakampeleka Yankees. Akapiga homurani 41, yaani mapigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja, akawafikisha World Series, akawa huru akiwa na miaka 26. Umri huo ndio siri ya bei yake. Wachezaji wengi wanauona uhuru wakiwa na miaka 29 au 30, goti limeshaanza kulia.

Yankees walitoa milioni 760 kwa miaka 16. Mets 765 kwa miaka 15. Ukigawa, Yankees walikuwa wanampa milioni 47.5 kwa mwaka, Mets 51. Kwa hiyo ile tofauti ya "milioni tano" ni ya kwenye vichwa vya habari, tofauti halisi ni 3.5 kila mwaka, kwa mwaka mmoja pungufu wa kazi. Ongeza milioni 75 anazopokea kwa kuweka tu saini. Ongeza ruhusa ya kuondoka baada ya msimu wa 2029 akitaka, isipokuwa Mets wakiamua kumzuia kwa kumwongezea milioni 4 kwa kila mwaka katika miaka kumi inayobaki, na hapo mkataba unafika milioni 805. Halafu kuna chumba cha VIP pale uwanjani kwa ajili ya familia yake. Mets walikitoa bure. Yankees walikataa, na meneja wao mkuu Brian Cashman akaeleza kwamba nyota wa kwao wakitaka chumba wanalipia. Watu walicheka sana hapo, bilionea kumkosa mchezaji kwa sababu ya chumba. Mimi sikucheka. Ukimpa Soto bure, kesho Aaron Judge, nahodha, anakuuliza kwa nini yeye analipa.

Kitu ambacho hakikutiliwa maanani ni kwamba pesa ya Soto haijaahirishwa hata senti. Shohei Ohtani alisaini Los Angeles Dodgers kwa milioni 700 za miaka 10 mwaka 2023, lakini 680 kati ya hizo atalipwa kuanzia 2034 hadi 2043, bila riba. Mtu aliyewahi kucheza upatu anaelewa mara moja. Anayepokea wa kwanza na anayepokea wa mwisho wameandikiwa kiasi kilekile, ila hawajapokea kitu kilekile. Ligi yenyewe, ikiuthamini mkataba wa Ohtani kwa pesa ya leo, inauhesabu kuwa karibu milioni 46 kwa mwaka, si 70. Soto kamzidi kwa thamani halisi, na kamzidi kwa miaka.

Halafu inakuja kodi ya anasa, ambayo ndiyo inayoendesha kila kitu kuanzia hapa. Besiboli haina kikomo cha mishahara, ina mstari. Mwaka 2025 mstari ulikuwa milioni 241. Ukiuvuka unatozwa asilimia, na asilimia inapanda kila mwaka unaorudia na kila ngazi unayopanda. Kilele kilikuwa milioni 301, na timu iliyovuka mstari miaka mitatu mfululizo, kama zilivyo hizi mbili, ilitozwa asilimia 110 kwa kila dola iliyo juu ya hapo. Hiyo ngazi ya juu kabisa mjini wanaiita kodi ya Cohen, kwa jina la Steve Cohen, tajiri anayemiliki Mets, maana iliwekwa kwenye makubaliano ya 2022 huku wamiliki wenzake wakimtazama yeye. Alitulia? Msimu wa 2024 Mets walilipa kodi karibu milioni 97, Yankees zaidi ya 62.

Kinachohesabiwa kwenye kodi ni wastani wa mkataba kwa mwaka, hata kama mwaka huo mchezaji kapokea kidogo. Ndiyo maana ya ule mwaka wa 16 wa Yankees: haukuwa zawadi kwa Soto, ulikuwa njia ya kushusha wastani. Kwa timu iliyo juu ya kilele, milioni 51 za Soto zinazaa kodi ya milioni 56 nyingine. Mchezaji mmoja, milioni 107 kwa mwaka. Cohen anaweza kusema sawa. Hal Steinbrenner, mmiliki wa Yankees, ana pesa pia, ila huyu husema waziwazi kwamba mishahara ya namna hiyo haiendelei milele.

Basi Soto kaondoka. Ndani ya wiki mbili Yankees wakamsaini mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) Max Fried kwa miaka 8 na milioni 218, wakawatoa mrushaji Nestor Cortes na kijana Caleb Durbin ili kumpata Devin Williams wa Milwaukee Brewers, wakamchukua Cody Bellinger kutoka Chicago Cubs, wakamaliza na Paul Goldschmidt kwa mwaka mmoja, milioni 12.5. Nilikaa na karatasi yangu nikajumlisha. Kwa mwaka 2025 peke yake hawa wanne walizidi milioni 70, yaani zaidi ya ambazo Soto angewagharimu mwaka huo. Waliosema Yankees wamebana pesa hawakujumlisha. Walichokwepa ni mzigo wa 2035, Soto akielekea miaka 37 na bado anawadai.

Na uchaguzi wa wale wanne haukuwa wa kubahatisha. Rudi kwenye mechi ya 5 ya World Series, tarehe 30 Oktoba 2024, dhidi ya Dodgers. Yankees wanaongoza 5-0, Gerrit Cole anarusha, Dodgers hawajampiga mpira hata mmoja wa maana. Awamu ya tano kati ya tisa, Judge anaangusha mpira ambao mtoto wa shule angeudaka. Kisha Anthony Volpe anarusha vibaya kuelekea besi ya tatu (besi ni vituo ambavyo mpigaji anavikimbilia). Cole anajitahidi, anawatoa wawili. Mookie Betts anagusa mpira dhaifu unaobingirika kuelekea besi ya kwanza. Anthony Rizzo anauokota, anageuka ampe Cole ambaye kazi yake ni kukimbia kwenda kusimama pale kwenye besi. Cole hakwenda. Alisimama ananyoosha kidole, Betts akafika salama. Zilipoisha dakika chache zile ubao ulisoma 5-5, na Dodgers wakachukua kombe 7-6. Timu iliyovurugika kwa mikono mibovu ilikwenda sokoni kutafuta mikono: Goldschmidt ni mdakaji stadi wa besi ya kwanza, Bellinger anacheza nje popote utakapompanga. Soto, pamoja na yote, si mdakaji wa kutisha.

Tarehe 29 Machi 2025 ratiba ikafanya ushenzi wake. Cortes akarudi Bronx akiwa na jezi ya Brewers. Mrusho wa kwanza, Goldschmidt akautoa nje ya uwanja. Wa pili, Bellinger akautoa. Wa tatu, Judge. Mirusho mitatu, homurani tatu, na watu bado wanatafuta viti vyao. Ikaisha 20-9. Namhurumia Cortes mpaka leo, maana ndiye aliyepigwa na Freddie Freeman ile homurani ya kumaliza mechi ya 1 ya World Series, akabadilishwa, akarudi kupokewa hivyo.

Lakini msidanganyike na siku moja. Ule mbadilishano wenyewe, kwa macho yangu, ulikuwa wa hasara. Williams alikuja kama mmoja wa wamaliziaji bora wa mechi, yaani warushaji wanaoingia mwishoni kulinda ushindi, akazomewa nyumbani kwake mwenyewe, akapokonywa kazi ya kumalizia. Durbin, kijana waliyemtoa kama nyongeza ya juu, akawa mlinzi wa kudumu wa besi ya tatu wa Brewers waliomaliza na ushindi 97, wengi kuliko timu yoyote. Besi ya tatu! Ndipo hasa Yankees walipokuwa na pengo, wakalazimika Julai kutoa vijana wengine ili kumpata Ryan McMahon. Sajili kubwa zinapigiwa ngoma, na hasara inajificha kwenye jina la pili la mbadilishano.

Boston Red Sox, mahasimu wa Yankees wa tangu babu, nao hawakulala. Hawa ndio waliowauzia Yankees Babe Ruth mwishoni mwa 1919 na hawakuonja ubingwa tena hadi 2004, kwa hiyo kila wakifanya biashara watu wao wanashika vifua. Safari hii walitoa vijana wanne kumpata Garrett Crochet kutoka White Sox. Bei kubwa, na ilistahili. Halafu Februari wakamleta Alex Bregman, mlinzi wa besi ya tatu, wakati besi ya tatu ilikuwa na mwenyewe, Rafael Devers. Devers akanuna. Juni wakampeleka San Francisco Giants, saa chache baada ya kuwafunga Yankees mechi tatu mfululizo. Ukileta mke wa pili bila kumwambia wa kwanza, jiandae.

Mavuno yalipimwa tarehe 30 Septemba, mechi ya kwanza ya mchujo, yaani mtoano wa baada ya msimu, pale Bronx. Crochet huku, Fried kule, ununuzi wa Desemba wakitazamana uso kwa uso. Boston wakashinda 3-1, Yankees wakazichukua mbili zilizofuata, kisha wakatolewa na Toronto Blue Jays. Fried alimaliza msimu na ushindi 19. Yankees kama timu walikuwa na 94.

Na Mets? Soto alipiga homurani 43 na kuiba besi 38 (kukimbilia besi inayofuata mpira ukiwa haujapigwa), kazi ya mtu anayejua analipwa kwa ajili gani. Katikati ya Juni walikuwa juu kabisa ya ligi. Kisha warushaji wakaanza kuvunjika mmoja mmoja, na siku ya mwisho kabisa wakafungwa na Miami Marlins 4-0, wakabaki na ushindi 83 na nje ya mchujo. Kati ya warushaji waliodumu kuna Clay Holmes, ambaye naye walimchukua kutoka Yankees kwa milioni 38, wakambadilisha kutoka mmaliziaji kuwa mwanzilishi, yule mrushaji anayeanza mechi. Hakuna aliyemwimbia.

Nirudi kwa Williams, maana alipokuja Bronx alikuta sheria ya tangu enzi za George Steinbrenner, miaka ya 1970, kwamba mchezaji wa Yankees hafugi ndevu. Yeye alikuwa nazo. Februari 2025 Hal akaibatilisha sheria ya baba yake, ndevu zilizotunzwa zikaruhusiwa. Karibu miaka 50 ya wembe ikaisha, na mojawapo ya sababu ni mtu aliyekaa nao msimu mmoja. Desemba 2025 Williams akasaini na Mets.

Nilimpelekea mzee wa chini habari hiyo mwenyewe. Alikuwa anafagia mlangoni, kichwani kofia mpya ya Mets, ya buluu na herufi za rangi ya chungwa. Akaegemea fagio.

"Na huyu naye wamempa chumba?"